Ngumi Isiyolia

Kiti cha ujaji wa ngumi nilipewa kwa sababu ya nazi. Anayetaka kucheka na acheke, nimeshazoea.

Ilikuwa ile miaka ya arubaini, vita vimekwisha na askari wanarejea makwao. Wengi walirudi na mchezo wa ngumi waliojifunza jeshini, na haukupita muda kila mtaa wa bara ya Mombasa ukawa na bondia wake. Mimi wakati huo nilikuwa mchaguzi wa nazi katika shamba moja la Kisauni, upande wa Magogoni. Wafuaji wakishamaliza kuzivua nazi makumbi kwenye vifuo, ile miti yenye ncha, mimi huketi juu ya gunia, nikashika nazi mbili, nikazigonganisha na kusikiliza. Nazi nzima hulia, sauti kavu, ya juu. Nazi mbovu hutoa kishindo kizito kilichokufa, hata ikiwa kwa nje yapendeza namna gani. Sikuwa na haja ya kuvunja wala ya kutazama. Siku nyingine nilifanya kazi hiyo macho nimeyafumba, kwa kuringa tu, ili wafuaji wanione.

Watu walisema yule bwana ana sikio. Nami nilikubali bila kujifanya mnyenyekevu, kwa kuwa nilikuwa nalo kweli.

Sasa likaja pambano la uzito wa juu, mtu wa Likoni kwa mtu wa Changamwe. Mabondia wa uzito huo walikuwa adimu kwetu, na hao wawili ndio waliokuwa wamebaki. Kamati ilikuwa na majaji wawili tayari: karani mmoja wa forodha aliyekaa Likoni, na mwalimu mmoja wa Changamwe. Kila mtu alijua hao watampa nani, na kwa kweli wangeweza kubaki majumbani mwao wakatuma karatasi. Jaji wa tatu ilibidi awe mtu wa Kisauni, asiye na wa kumtetea. Mmoja kwenye kamati akasema, "Mpeni yule wa nazi. Yule hadanganyiki."

Refa alikuwa sajini mstaafu aliyerudi kutoka Burma, mtu mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba maji. Ndiye aliyetufundisha kazi, alasiri tatu. Raundi ni tatu, za dakika tatu tatu. Kila jaji ana upande wake wa ulingo, hasemi na mtu, haulizi mtu. Mshindi wa raundi ana ishirini, mwenziwe kumi na tisa au chini ya hapo. Wakilingana kabisa, kila mmoja ishirini. Ngumi inayohesabiwa ni ile iliyofungwa, iliyopigwa kwa vifundo vya vidole, ikafika usoni, au mbavuni, au tumboni juu ya mkanda. Iliyotua mkononi si kitu. Iliyotua kwenye glavu si kitu.

"Na sare hakuna," akasema sajini. "Ukijumlisha ukakuta wako sawa, utatia msalaba kwa mmoja. Hapo ndipo jaji anapojijua ni mtu gani."

Alasiri ya tatu ilikuwa ya vitendo, nami sikwenda. Nilijiona nimeshaelewa. Zaidi ya kutazama na kusikiliza kulikuwa na nini tena?

Yule mtu wa Changamwe nilimjua kwa habari zake, na habari zake zilijulikana na kila mtu. Alikuwa kibarua wa kupakia mizigo, mtoto wa Rabai, kifua chake mlango. Alilala katika chumba kimoja na wanaume wengine saba, kwa zamu, mmoja akiamka mwingine analala. Mkewe alikuwa bado kwa wazazi wake huko Rabai, mwaka wa pili tangu ndoa, kwa sababu hapakuwa na pa kumweka. Wakubwa wake wa kazi walikuwa wamemwahidi mbele ya watu: akiwa bingwa na kuchaguliwa kwenda kupigana Nairobi, ataandikwa kazi ya kudumu na kupewa chumba chake, chenye mlango wake na ufunguo wake. Yule wa Likoni alikuwa na nyumba ya mamake Timbwani na kazi yake kivukoni. Yeye alitaka sifa tu, na si vibaya mtu kutaka sifa. Lakini kwa huyu mwingine pambano lile lilikuwa ni chumba.

Tulikutana Jumamosi baada ya saa za kazi, ulingo umejengwa uwanjani Changamwe kwa mataruma ya reli na kamba za meli. Nilipokuwa nikielekea kiti changu, nilimwona mwanamke kijana ameketi chini karibu na kona ya mumewe, na kando yake furushi kubwa la kanga. Ndani yake palikuwa na mkeka uliokunjwa, na vyungu, na mbuzi ya kukunia nazi, miguu yake imetokeza nje. Nilifahamu mara moja. Alikuwa amekuja kuhamia.



Raundi ya kwanza haikunisumbua. Mtu wa Changamwe alisimama imara, akawa anapeleka mkono wa kushoto ulionyooka, anaurudisha, anaupeleka tena. Yule wa Likoni alizunguka huku na huku, mikono inatoka mbali, mingi yake inapita hewani. Nikaandika ishirini kwa Changamwe, kumi na tisa kwa Likoni.

Raundi ya pili ndiyo iliyoniponza. Mtu wa Likoni alimsukumia mwenziwe kwenye kamba za upande wa pili, na refa akasimama kati yangu na wao. Nilichoweza kuona ni shati la refa lililoloa jasho na viwiko vinavyopanda na kushuka. Nilijinyoosha kulia, nikajinyoosha kushoto, wapi. Lakini nilisikia. Pa! Pa! Pa! Sauti kavu, za juu, na kila moja ikipigwa watu wa Likoni wanasimama na kupiga vigelegele. Kati ya hizo zilikuja sauti nyingine, nzito, za chini: dub, dub, nami sikuzijali. Nikaandika ishirini kwa Likoni, kumi na tisa kwa Changamwe, bila kusita.

Raundi ya tatu walikuwa wote wamechoka mno. Mmoja akipiga, mwenziwe anajibu, wanakumbatiana, refa anawaachanisha. Nikampa kila mmoja ishirini. Kengele ilipolia nikajumlisha, hamsini na tisa kwa hamsini na tisa.

Refa alishakusanya karatasi za wale wawili, akaja kusimama mbele yangu, mkono ameunyoosha. Sikutaka kumtazama yule mwanamke, nikamtazama. Alikuwa ameshika ncha za furushi kwa mikono miwili.

"Bwana jaji," akasema refa.

Basi nikafanya nilivyozoea kufanya. Nilifumba macho, nikalisikiliza tena pambano zima kichwani mwangu, kama nilivyosikiliza nazi miaka yote ile. Za huyu zalia. Za yule zimekufa. Nikafumbua macho, nikatia msalaba kwa mtu wa Likoni.

Karani alikuwa amempa Likoni, mwalimu amempa Changamwe, kama kila mtu alivyojua. Karatasi yangu ndiyo iliyoamua. Mkono wa mtu wa Likoni ulipoinuliwa, watu wa kivukoni walimbeba juu juu. Yule wa Changamwe alimpa mkono, akashuka, akajifuta uso kwa kanga ya mkewe. Kisha akamtwika lile furushi kichwani, wakaenda pamoja kutafuta gari la Rabai. Mimi nilirudi Kisauni nimetulia kabisa, nafsi yangu ikinisifu.

Jumapili ya wiki iliyofuata nikasikia hodi pale shambani. Alikuwa yeye, yule wa Changamwe. Alikuwa ametembea kutoka Changamwe hadi kisiwani, akavuka daraja la Nyali, akauliza watu njia ya Magogoni. Jicho moja lilikuwa bado limevimba.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Karibu."

Niliinuka, nikalichukua lile panga la kupasulia nazi nikaliweka karibu. Naona haya kusema, lakini nilifanya hivyo.

Akaliona, akatabasamu. "Sikuja kwa ugomvi, bwana. Nimekuja kuuliza tu. Nilikosa wapi?"

Hapo palikuwa na majibu ya kweli tele. Ningeweza kumwambia: mlilingana, bwana, na raundi ya pili sikuiona vizuri. Ningesema hivyo ningekuwa mtu. Badala yake nikajiweka sawa juu ya gunia langu, nikamfundisha.

"Ngumi zako hazilii," nikamwambia.

"Hazilii?"

"Hazilii. Hebu sikiza." Nikachukua nazi mbili nzima, nikazigonga. Nikachukua mbovu, nikaigonga. "Umesikia? Zako ndizo hizi. Za mwenzio zalia, mtu azisikia mpaka Timbwani. Wewe wapiga, lakini jaji atajuaje?"

Aliniomba zile nazi, akazigonga mwenyewe mara tatu nne, kichwa amekiinamisha. Nilimwona anaelewa, nami nikafurahi, kama mwalimu yeyote.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ni hilo tu. Wenzangu wote wananiambia niliibiwa, nami nikawaambia hapana, yule bwana hana upande, kuna jambo ameliona. Ahsante sana, bwana. Mwakani zitalia, Mungu akipenda."

Kabla ya kuondoka akauliza yale magunia pale yanakwenda wapi. Nikamwambia yanangoja mkokoteni. Akayapakia yote peke yake, kila moja kwa pumzi moja, akakataa hata maji ya dafu mpaka lilipopanda la mwisho. Hayo yalikuwa malipo yake kwa somo langu.

Msimu uliofuata ulipokaribia, sajini alituita tena majaji. Safari hii nilikwenda, kwa kuwa alikuwa ametangaza kwamba asiyekuja hatakalia kiti. Tulimkuta ametundika gunia la makumbi kwenye boriti, glavu ziko mikononi.

"Fungeni macho," akaamrisha. Tukafunga. Tukasikia dub. Kisha tukasikia pa!

"Ngumi ni ipi?"

Sikumngoja mtu. "Ya pili," nikasema kwa sauti, na kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Fungueni."

Gunia lilikuwa bado linayumba. Sajini akalisimamisha kwa mkono. "Ya pili ni kofi," akasema, akatuonyesha kiganja cha glavu kilichokunjuka. "Limetoa sauti kwa sababu glavu imefunguka, nguvu yote imeishia kwenye ngozi. Ukimpiga mtu hivi mkononi au mgongoni mwa glavu yake, uwanja mzima utasikia, naye hataumia. Halihesabiwi. Akirudia, refa anamwonya, na akizidi anamtoa. Ya kwanza ndiyo ngumi." Akapiga tena, moja tu, mkono umefungwa na umenyooka. Dub. Gunia likaruka nyuma. "Iliyoingia ndani hailii."

Niliketi kwenye benchi nikasingizia jua. Raundi ya pili yote ilinirudia, shati la refa na zile sauti, na kila nilichokuwa nimekitupa nilijua sasa kilikuwa nini. Nazi haimpigi mtu. Nazi iliyokufa huwa imekufa, lakini ngumi yenye sauti ya kufa ndiyo iliyo hai. Na mimi nilikuwa nimemnyang'anya mtu chumba chake kwa sikio langu, halafu nikampa somo juu yake.

Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla hao wawili hawajakutana tena. Wiki sita ni nyingi. Kutoka Magogoni hadi Changamwe mtu huenda na kurudi kwa siku moja, yeye mwenyewe alifanya hivyo jicho limevimba. Nilijiambia nitakwenda Ijumaa baada ya sala. Ijumaa ikaja na homa. Nyingine ikaja na mzigo wa nazi. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, nikajiambia mtu aliyefunga hawezi mwendo ule. Hayo yote nilijiambia mimi, na hakuna aliyeniuliza. Ukweli ni kwamba niliona haya. Kila nilipofikiri kumwambia nilikosea, nilimwona anapakia yale magunia.

Habari nazo zilikuwa zinanifuata. Mchukuzi mmoja wa nazi alirudi kutoka huko akasema, "Yule mgeni wenu wa Changamwe sasa si wa mchezo. Apiga gunia asubuhi kabla ya kazi, mtaa wote waamka kwa mlio!" Wafuaji wakashangilia. Mimi niliinama nikaendelea kuchagua, na siku hiyo nilipitisha mbovu kadhaa.

Ikaja Jumamosi. Watu walewale, ulingo uleule, majaji walewale. Ahadi ya wakubwa ilikuwa ileile, ila safari hii walisema ni ya mwisho. Nilikuwa nimechukua usufi kidogo kutoka kwenye mto wangu, nikausokota vipande viwili, na kabla ya kengele nikautia masikioni. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitahukumu kwa macho. Karani aliniona akacheka, mdomo unafunguka bila sauti.

Mwanamke alikuwa palepale, kwenye kona ileile, na lile furushi lenye miguu ya mbuzi ya nazi. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga.

Kengele ikapigwa. Sikuisikia, niliona tu wanainuka. Na mtu wa Changamwe akaanza kutekeleza kila neno nililomwambia.

Ule mkono wa kushoto ulionyooka haukuwepo tena. Mikono yake ilitoka mbali, kwa mzunguko, na ikitua glavu inafunguka na kiganja ndicho kinachofika. Juu ya mkono wa mwenziwe, juu ya bega, juu ya glavu. Niliona uwanja unainuka, niliona vinywa vya watu wa Changamwe viko wazi. Na kila kofi lilipotua aliniangalia. Kwa nusu ya nukta, juu ya bega la mwenziwe, aliniangalia mimi, apate kujua kama nimeridhika.

Nilitaka kusimama. Nilitaka kupiga kelele: funga mkono, piga kama ulivyokuwa ukipiga! Jaji hasemi. Refa alimwonya mara moja, akimwonyesha kiganja, naye akatikisa kichwa kukubali na asielewe. Raundi ya kwanza ikaenda Likoni. Ya pili akamwonya tena, na ya pili nayo ikaenda Likoni.

Raundi ya tatu alichoka, na uchovu ukamsahaulisha. Mkono wa kushoto ukarudi wenyewe, umefungwa, umenyooka. Nikamwona mtu wa Likoni anakunjika. Ukaenda tena, na tena, kimya kabisa masikioni mwangu, na sijaona kitu kizuri namna ile ulingoni kabla wala baada. Nikaandika ishirini kwa Changamwe, kumi na tisa kwa Likoni, nikashusha pumzi.

Kisha nikajumlisha. Hamsini na nane kwa hamsini na tisa. Nikajumlisha mara ya pili, na ya tatu, nikitafuta kosa. Alama moja tu. Ningempa kumi na nane yule wa Likoni raundi ya mwisho, wangelingana, na msalaba ungekuwa wangu. Nani angejua? Mkono wa refa ulikuwa umeshanyooshwa mbele yangu. Nilikuwa na deni na mtu yule, na kalamu ilikuwa mkononi. Lakini nilichokiona nilikuwa nimekiona, na mara ile ya kwanza niliyotia alama kwa kisichoonekana ndiyo iliyotufikisha pale. Nikatoa karatasi kama ilivyokuwa.

Refa aliinua mkono wa mtu wa Likoni.

Yule wa Changamwe hakushuka upande wa kona yake. Alikuja moja kwa moja upande wangu, akainama juu ya kamba, jasho linamdondoka juu ya meza yangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso uleule wa siku aliyokuja shambani. Midomo yake ikasema neno, nami nikalisoma: "Hukusikia?"

Akainua kidole agonge sikio lake, kunionyesha. Na kidole kikasimama njiani, kwa sababu macho yake yalikuwa yameuona usufi.

Niliung'oa haraka, vipande vyote viwili, nimwambie, na niliisikia sauti yangu inasema ngoja, ngoja bwana. Lakini kelele za watu wa Likoni zilikuwa zimejaa kila mahali, na yeye alikuwa ameshageuka, ameshuka kwenye kona yake, anamwinamia mkewe amtwike furushi.